Siku Niliyodhani Bwana Amekuja Akaniacha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, na nyinyi mlio nyuma karibu na mlango mniitikie, kwa sababu ushuhuda huu sitaki kuutoa peke yangu. Mimi ni Rael, Mama Chebet, wa huku juu karibu na Chepseon. Wengi mnanijua kwa chai. Leo mnijue kwa vile Bwana alivyonitoa kwenye hofu.

Ndugu zangu, nilikuwa mwoga! Si mwoga wa nyoka wala wa wezi. Niliogopa kuachwa. Mume wangu Joel ni mzee wa kanisa, na anafundisha kwamba Bwana anaweza kurudi saa yoyote, awanyakue walio wake, halafu dhiki kuu ianze. Anafundisha kwa moto. Lakini mimi nikimsikiliza, badala ya kufurahi, nilizidi kuogopa. Nikirudi kutoka sokoni nikute nyumba iko wazi na hakuna mtu, nadhani nimeachwa. Naita, "Chebet! Chebet!" na binti yangu asipoitika haraka, naketi chini pale pale mlangoni. Kumbe msichana ameenda mtoni kuteka maji.

Halafu Wesley akarudi. Wesley ni mdogo wake Joel, shemeji yangu, na shamba lake na letu yametenganishwa na njia ya ng'ombe tu. Alikuwa amesomea mambo ya Biblia chuoni, akarudi na fundisho lingine. Alisema maneno mengi ya Bwana kuhusu dhiki yalitimia zamani, watu wa kizazi kile kile wakiwa hai, Warumi walipoteketeza hekalu la Yerusalemu. Kwa hiyo tuache kutafuta ishara katika kila vita na kila tetemeko. Joel akamwambia amewanyang'anya watu tumaini. Wesley akamwambia yeye anawatisha watu bure. Wakabishana kanisani, wakabishana kwenye banda la kupimia chai mpaka karani akawaomba wasogee aone mizani, na mwishowe wakaacha hata kula pamoja kwa mama yao siku ya Jumapili.

Na mimi niliyekuwa katikati yao, mnajua nilibaki na nini? Nilibaki na kaburi.

Mtoto wetu wa kwanza, Kipngeno, tulimzika kule chini chai inapoishia. Alikuwa ndiyo ameanza kutembea, homa ikamchukua. Miaka hii yote nimelima nikizunguka kaburi lile, na kitu kimoja tu ndicho kilichonishikilia: siku moja litafunguka. Sasa nilipomsikia Wesley akisema yametimia, moyo wangu uliuliza swali ambalo mdomo haukuweza kulisema. Kama yametimia, ufufuo nao je? Umepita? Umepita na mwanangu bado yuko chini? Sikumwuliza. Niliogopa jibu. Kwa Joel niliogopa kuachwa, na kwa Wesley niliogopa kwamba hakuna tena anayekuja. Niambieni, mtu kama huyo apate usingizi akilalia upande gani?

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kuchuma. Joel na Chebet walikuwa shambani tangu asubuhi, na ng'ambo ya njia Wesley na mkewe wanachuma pia, kila ndugu akijifanya hamwoni mwenzake. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia chai. Mchana anga ikawa nyeusi ghafla, ikaanza mvua ya mawe. Hii mvua yetu mnaijua, lakini ya siku ile ilikuwa nyingine kabisa! Mabati yalipiga kelele hata sikusikia maombi yangu mwenyewe. Kisha ikanyamaza mara moja, nami nikafungua mlango.

Ndugu zangu, dunia ilikuwa nyeupe! Chai yote, njia, boma la ng'ombe, kila kitu cheupe, na jua limetoka juu yake mpaka macho yanauma. Mvuke unapanda kutoka ardhini. Hakuna ndege, hakuna mbuzi anayelia. Nikashika birika na vikombe nikashuka shambani. Nikaita, "Baba Chebet!" Kimya. Hapo ndipo nikaviona vikapu.

Vilikuwa vimelala kati ya mistari, na vimejaa majani. Vimejaa! Nyinyi ni watu wa chai. Nani anaacha kikapu kimejaa na lori linakuja jioni? Sisi mvua ikija tunakimbia na majani yetu mgongoni. Epron ya Joel, ile anayojifunga akichuma, ilikuwa imetandazwa juu ya chai kana kwamba mtu ametolewa ndani yake. Nikatazama ng'ambo ya njia, na vikapu vya Wesley vivyo hivyo. Nikasema, Yesu wangu, hata Wesley! Wesley anayebishana kuhusu unyakuo amenyakuliwa, na mimi niliyeungoja kwa kutetemeka kila siku nimeachwa na birika!

Mnacheka. Mimi sikucheka.

Miguu ilinipeleka kaburini. Niliwaza, kama Bwana amekuja, basi Kipngeno ameondoka, na shimo litakuwa wazi. Nilitaka kuona tu. Hata kama mimi nimeachwa, nione kwamba mtoto ameenda.

Kaburi lilikuwa limefungwa. Mvua ya mawe imelifunika lote, na hakuna udongo uliosogea. Nikapiga magoti ndani ya barafu ile, na hapo ndipo Bwana aliponikuta. Sikusikia sauti kwa masikio. Lakini nilijua, ndugu zangu, nilijua kuliko ninavyojua jina langu, kwamba Bwana hawezi kuja akampita mtoto huyu. Hii kona ya shamba anaijua! Na yuko hapa sasa hivi, amesimama nami. Utukufu ulinizunguka mpaka niliogopa kuinua uso, lakini haikuwa ile hofu ya zamani. Hii ilikuwa tamu. Nilitetemeka, na nikatamani isiishe.

Ndipo nikasikia kelele za watu kutoka kwa Kogo. Kogo ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu, bibi wa watoto. Nikakimbia. Kumbe mvua ilikuwa imeangusha paa la jiko lake akiwa ndani, akapiga yowe, na wote wakatupa kila kitu wakakimbia katikati ya mawe yale. Nilimkuta ameshatolewa, amekaa kwenye stuli akiwa na koti la Wesley, mzima, na mdomo wake mzima pia.

"Nyinyi wawili mnajua mpaka mambo ya mwisho wa dunia," anawaambia wanawe, "na paa langu hamkujua linaanguka!"

Joel na Wesley walikuwa wamebeba boriti pamoja mabegani ili mama yao atolewe. Joel alikuwa anatoka damu juu ya jicho, na Wesley anampangusa kwa mkono wa shati. Mimi sikungoja.

"Shemeji," nikasema, "niambie ukweli. Ufufuo umepita?"

Wesley alishtuka. "Mama Chebet, nani amekwambia hivyo? Mimi nasema hekalu lilianguka. Sijasema Bwana harudi! Atarudi, na Kipngeno atafufuka. Hiyo siwezi kubishana na mtu."

Joel akamgeukia. "Kumbe hiyo unaiamini?"

"Siku zote. Hujaniuliza."

Ndugu zangu, wanaume wale walilia mbele ya mama yao. Kisha tulishuka pamoja mpaka kaburini, barafu ikiyeyuka miguuni mwetu. Joel akaanza kuomba, Wesley akamalizia. Chai yetu ilikuwa imechanwa yote na mvua ya mawe siku ile, na mimi nilikuwa naimba!

Msidhani sasa wanakubaliana. Jumapili kwa Kogo wanabishana mpaka ugali unapoa. Nani yuko sawa kuhusu dhiki, mimi sijui, na Mungu hajaniambia. Lakini hofu imetoka! Namshukuru Bwana, namshukuru mbele yenu nyote. Na wewe uliyezika mtu, na wewe unayehesabu ishara huku moyo unakwenda mbio, mwamini Yesu mwenyewe. Usingoje mpaka uelewe yote. Mimi sielewi yote, lakini Yeye namjua.

Na siku atakayokuja, msinitafute kanisani wala jikoni. Nitakuwa kule chini chai inapoishia, nimenyoosha mikono nimpokee mwanangu.