Maiki ya Harusi ya Usoke

Treni ilipoiacha Usoke, Recheli alimsomea Bi Nunu wa kiti cha pembeni wasifu wake wa kuombea kazi kampuni ya ushauri, kwa sauti ya chini asimwamshe mzee aliyelala mbele yao. “Mchapakazi, mbunifu, anajituma.”

“Mwanangu, nani hajitumi? Umewahi kumshauri mtu akakubali?”

Recheli akacheka. “Labda kwenye harusi ya kaka, hapo Usoke, mama. Kwaya ya Katoliki na ya Moravian ziligombea maiki. Nikainyakua, nikazipa wimbo mmoja. Hata padri na mchungaji walicheza!”

“Sasa hilo ndilo la kuandika!”

Akaandika huku akichekelea, mpaka treni ikasimama Tabora. Mzee akafumbua jicho moja.

“Niweke mdhamini,” alisema. “Hiyo maiki ulininyang’anya mimi.”