Lita Moja, Watu Watano na Benchi

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kutengeneza saa, mkabala na gereji, na katika miguu yake minne mmoja ni tofali. Tunakaa wanne tukipendana, watatu tukinuniana. Mimi wananiita Dakika, kwa sababu ya kazi yangu na kwa sababu simpendi mtu anayesema "nakuja sasa hivi" halafu anaonekana kesho. Siku hiyo, saa nane na robo mchana, birika la Shangazi, muuza kahawa wetu, lilikuwa linafuka. Spana, fundi wa gereji, alikuwa ameshika kikombe kwa vidole viwili asikitie grisi. Mwalimu Desimali, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mpaka leo hawezi kunywa kitu bila kukigawanya, alikuwa anagawanya. Ndipo pikapu mpya ya mwenzetu Seremala ikaja taratibu, ikakohoa mara mbili, ikazimika mbele yetu kabisa. Seremala akashuka na fremu ya mbao kwapani.

Mtu ukiona fremu kama ile, iliyopigwa msasa na vanishi, unategemea picha ya harusi. Hii ilikuwa na karatasi, ile inayobandikwa kwenye kioo cha gari jipya kueleza linavyokula mafuta. Aliibandua siku aliyonunua gari, akaitengenezea fremu kwa mikono yake, akaitundika sebuleni.

Seremala: Someni wenyewe.

Spana: Lita moja, kilomita kumi na nne.

Seremala: Mimi napata tisa. Juzi tisa, jana tisa. Leo kwa hasira nikakataa kutia mafuta, na limezimika.

Shangazi: Sasa hapo umemkomoa nani, baba?

Seremala: Nipe kahawa kwanza, Shangazi. Leo ni siku ya saba, ya mwisho ya kulirudisha. Yadi ya magari wanalipokea mpaka saa kumi kamili. Ikipita hapo ni langu nipende nisipende.

Mimi: Si uliuziwa na shemeji yako?

Seremala: Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Mdogo wake mke wangu. Yuko kwenye majaribio pale yadi, na hili ndilo gari lake la kwanza kuuza. Nikilirudisha, kesho hana kazi. Nisipolirudisha, kila akija kula kwangu nitajua namkaribisha mtu aliyenidanganya. Na dada yake tangu jana haongei. Ananiwekea chakula mezani, anaondoka.

Mke wa Seremala tunamfahamu sote, ni mama mcheshi anayecheka mpaka barabarani wanamsikia. Kusikia kwamba ameacha kuongea kulitutia hofu kuliko habari yoyote ya petroli.

Spana: Hakukudanganya. Huwa unapakia nini?

Seremala: Milango. Mbao. Ndiyo kazi yangu.

Spana: Upepo wa matairi umepima? Kiyoyozi unazima? Halafu mguu wako mzito. Nimekuona unavyoondoka hapa, utadhani kuna mtu unamdai.

Desimali: Si hayo, Spana. Ni joto. Petroli ikipata joto inavimba. Anayenunua mchana nusu yake ananunua uvimbe.

Shangazi: Mimi nasema ni uchanga. Kitu kichanga kinakula usiku na mchana, kikikomaa kinatulia. Kitinda mimba wangu alikuwa hivyo hivyo, na leo kumlisha mpaka nimbembeleze.

Desimali: Na kuna suala la dunia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, hilo hakuna anayebisha. Karakana ya Seremala iko magharibi mwa soko. Kwa hiyo kila asubuhi huyu bwana anakwenda kinyume na dunia nzima. Mafuta yataachaje kuisha?

Spana: Na jioni akirudi?

Desimali: Jioni gari limechoka.

Hakuna aliyecheka. Hayo ndiyo mambo ya benchi letu, mtu akisema kitu kikubwa kiasi hicho tunampa kwanza nafasi kitue. Spana akaweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

Spana: Ngojeni niwaambie gari la kwenye karatasi linavyopimwa, maana niliona kwenye mafunzo. Gari linaingizwa chumbani, linafungwa kwa mikanda. Matairi yanakaa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka palepale. Mbele wanaweka feni kubwa ya kuleta upepo. Dereva ana mchoro mbele yake, anaufuata kwa mguu. Ongeza, punguza, simama, ongeza tena. Hakuna shimo, hakuna kona, hakuna mbuzi anayevuka.

Shangazi: Na linakimbia?

Spana: Linakimbia kweli kweli. Ila halitoki.

Nasema ukweli, nilikaa nikaliona hilo gari, taa zinawaka, mshale umepanda, upepo unapiga kioo, na ukuta uko palepale.

Shangazi: Maskini.

Desimali: Ni jambo kubwa sana hilo. Yaani wameikunja barabara yote wakaiweka chini ya tairi.

Seremala: Mimi sihitaji barabara iliyokunjwa. Nahitaji kujua leo, kabla ya saa kumi, kama nimedanganywa.

Spana akasimama, akalizunguka lile gari, akaja na wazo ambalo mpaka leo anajivunia. Gari limezimika kwa kiu hapa hapa, akasema, kwa hiyo mahali pa kuanzia tunapo. Tutie lita moja kamili, twende mpaka lizimike tena. Pampu haipendi mchezo huo, lakini kwa mara moja haitakufa. Akaleta kutoka gereji chupa ya lita moja iliyojaa mpaka mdomoni.

Hapo Desimali akadai mashahidi, maana mita akiisoma mtu mmoja hayo ni maneno yake mwenyewe. Spana akasema lazima awepo fundi. Mimi nikasema lazima uwepo muda. Shangazi hakubali kuachwa huku vikombe vyetu havijarudi, kwa hiyo naye akaingia mbele na birika miguuni na fremu mapajani. Desimali hakai chini kwa sababu ya goti lake, kwa hiyo benchi likapanda nyuma, na kwa kuwa benchi halisimami bila tofali, tofali nalo likapanda. Saa tisa kasoro dakika kumi, Seremala akawasha gari.

Tukapita soko, tukapita shule, nyumba zikaanza kuachana. Mwanzoni tulikuwa tunapiga soga huku nyuma. Kufika kilomita ya tano maneno yakapungua. Sijui niseme nini, barabara hiyo nimeipita mara nyingi, ila sijawahi kuipita nikijua kwamba kinachonibeba ni ile chupa tupu iliyokuwa inabingirika miguuni mwangu. Kila mti uliopita nyuma yetu niliona ni zawadi. Kilomita ya tisa Seremala akatutangazia tisa kwa sauti dirishani. Ya kumi akanyanyua mikono yote miwili, na Shangazi akamkumbusha kwa sauti ya juu kwamba usukani haujishiki wenyewe. Kisha gari likakohoa, likakohoa tena, likatulia.

Desimali: Kumi nukta sita.

Spana: Na watu watano.

Mimi: Na benchi.

Shangazi: Na birika.

Seremala: Lakini si kumi na nne.

Aliposema hivyo nilimwonea huruma. Alishika fremu yake akaitazama kama mtu anayetazama cheti cha marehemu. Nikatazama saa, bado dakika arobaini na tisa. Nikamwambia kama anarudisha gari yadi, turudi sasa.

Spana: Turudi. Petroli ya kurudia iko wapi?

Tukatazamana. Kila mmoja alikuja kuwa shahidi. Hakuna hata mmoja aliyekuja na mafuta.

Seremala: Si wewe ndiye fundi?

Spana: Nilileta lita moja. Mlitaka lita moja.

Basi tukaamua kulisukuma, angalau litoke katikati ya barabara. Seremala akashika usukani kupitia mlangoni, sisi watatu nyuma, Shangazi pembeni akituhesabia. Sijawahi kusukuma kitu kisichonijali namna ile. Tulikaza misuli, Spana akatiririka jasho chini ya grisi, Desimali akasahau goti lake. Hatua arobaini tu mpaka kivulini, na nilipotazama saa zilikuwa zimepita dakika saba. Tukashusha benchi, tukaliwekea tofali lake, tukaanguka juu yake. Ile chupa Shangazi akaisimamisha mbele yetu.

Kwa muda mrefu tuliitazama tu.

Desimali: Hatua arobaini, tuseme mita thelathini. Dakika saba. Tulikotoka ni mita elfu kumi na mia sita. Ngojeni.

Alifumba macho. Midomo yake ikawa inacheza.

Desimali: Saa arobaini na moja. Bila kulala, bila kupumzika, bila kunywa maji. Sisi wote kwa pamoja. Na hiyo chupa imetumia dakika ishirini.

Spana: Miaka kumi na minane nashika injini. Sijawahi kulifikiria hilo.

Shangazi: Na mimi humwagikiwa mikononi na hiyo petroli nikiwasha jiko, naipangusa tu.

Spana: Usiwashe jiko kwa petroli, Shangazi.

Shangazi: Sitawasha tena. Nitaiheshimu.

Tulikuwa hapo, tumeduwaa, alipotokea mzee mmoja anavuta mkokoteni wenye mifuko sita ya saruji. Kamba ilikuwa imempita kifuani na shati lake lilikuwa limeloa lote. Alisimama akatutazama, watu watano porini, na benchi, na birika.

Mzee: Habari zenu. Mmehamia?

Shangazi: Karibu, baba. Kaa upumue.

Akamimina kikombe, birika likatoa kahawa ya mwisho na matone. Mimi nilikuwa nakitolea macho hicho kikombe. Mzee akanywa, akauliza tulikotoka.

Desimali: Sokoni. Kwa hiyo chupa.

Mzee: Hii?

Desimali: Hiyo moja.

Mzee: Wote? Na hilo gari?

Aliiokota, akainusa, akaigeuza juu chini. Mwanzo alikuwa ameishika kwa mkono mmoja. Nikaona analeta na wa pili.

Mzee: Mimi hapa nimetoka soko hilo hilo saa moja asubuhi.

Seremala alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akampa mzee ile fremu, akamwelezea kwa sauti ya chini kwamba karatasi inasema kumi na nne, sisi tumepata kumi nukta sita, na kwamba leo saa kumi lazima aamue. Mzee akaisoma karatasi, polepole, mstari kwa mstari, akapangusa kioo kwa kiganja.

Mzee: Na hili la kwenye karatasi, lilikuwa linakwenda wapi?

Desimali akatazama juu ya miti kama kwamba jibu lingepita huko. Mimi nikajifanya natia ufunguo saa yangu, saa ambayo ni ya betri.

Simu ya Seremala ikalia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu. Aliiweka sauti ya nje, nadhani naye alitaka mashahidi.

Shemeji: Shikamoo, shemeji. Bosi yuko mlangoni na daftari. Anauliza kama unalirudisha.

Seremala: Ulinipa karatasi ya gari ambalo halikuwa linakwenda popote.

Upande wa pili tukasikia geti la yadi likisogezwa.

Shemeji: Mimi nilikusomea kilichoandikwa, shemeji. Sikuongeza hata neno. Kama nimekukosea nisamehe, kazi si kitu.

Seremala: Najua hukuongeza. Na mimi nikakitia fremu.

Alimtazama mzee, ambaye bado alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili, kwa uangalifu, wakati ndani hamna kitu. Akatazama mifuko ya saruji, akatazama kamba.

Seremala: Mwambie bosi wako afunge daftari. Halafu chukua pikipiki utufuate, tuko barabara ya machimbo, utaliona benchi. Pitia nyumbani umwambie dada yako kuwa gari nimebaki nalo na jioni unakula kwetu. Utuletee na petroli.

Shemeji: Asante, shemeji. Nilete lita ngapi?

Moja ilikuwa inatosha kuturudisha, sote tulijua, na Desimali alishainua kidole kusema. Seremala akamwinamia yule mzee.

Seremala: Baba, wewe unakwenda wapi?

Mzee: Kwa binti yangu, mbele ya daraja. Anajenga chumba cha pili.

Seremala: Lete mbili, shemeji. Kuna mzigo unakwenda mbele.

Akakata simu. Spana na mimi tukaenda kuanza kupakia ile mifuko, na mfuko wa kwanza tu ulitosha kunifanya nimtazame yule mzee kwa macho mengine. Shangazi akailaza fremu juu ya benchi, kioo juu, akapanga vikombe vyake vitupu juu ya karatasi. Vilienea vyote sita.