Mimi, Marehemu na Bi Mkubwa wa Mawe

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani na mafundi wenzake marehemu, nawasalimu nyote, kaka yake ndiye aliyestahili kusoma haya, ila amenirudishia karatasi akasema, shemeji, uliyeishi naye ni wewe, basi mtanivumilia, mtoto akilia mgongoni nitasoma hivyo hivyo.

Marehemu mume wangu, mliyemwita Fundi Tundu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 kwa bibi yake mzaa mama, nyuma ya kiwanda cha barafu, katika nyumba ambayo leo haipo, bahari iliichukua yeye akiwa darasa la tatu, akaona kitanda cha bibi kinaelea mlangoni, na nadhani hapo ndipo nilipoibiwa mume, kabla hata sijazaliwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa juu mwaka 1996 hadi 2002, sekondari akaishia kidato cha pili, akajifunza uashi kwa mjomba wake, na mwaka 2011 akaajiriwa kujenga ukuta wa bahari, huu ulio mbele ya nyumba zetu, akaanza kwa kubeba mawe, akapanda mpaka msimamizi wa matengenezo, kazi aliyoifanya hadi alipougua.

Tulifunga ndoa tarehe 8 Agosti 2020, na siku hiyo hiyo mafundi wenzake wakanipokea kwa vicheko, shemeji karibu, lakini ujue mwenye mume yupo, wakanionyesha ukuta, wakauita Bi Mkubwa, nami nikacheka, kumbe ndiyo kweli yenyewe, maana mvua ikinyesha yuko kwake, maji yakijaa yuko kwake, mimi nimejipamba, chakula kinapoa, yeye kachuchumaa anamchokonoa matundu kwa ule ufito wake wa chuma, akirudi ni kumsifu, leo amepumua vizuri, mimi kama nimepumua wala siulizwi. Wivu nilikuwa nao na ninao hata sasa, sitawadanganya mbele ya jeneza.

Matundu hayo mnayajua, yako chini ya ukuta, yanatoa maji ya mvua yanayojikusanya upande wetu, lakini sisi tukiyaona tunadhani ni mlango wa bahari, tunaziba kwa matambara na saruji, yeye anazibua, tunaziba, anazibua, mama mshonaji akawa anamfokea dirishani, we Fundi Tundu, unatukaribishia bahari ndani! naye anamjibu, mama yangu, ukuta ukiuziba pua utakuangukia, maji ya nyuma yakikosa njia yanausukuma.

Tarehe 2 Novemba mwaka jana Mungu alitujalia binti, huyu niliyembeba, ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote, baba mtu akaja jioni na tope mpaka magotini, akauliza, vidole vyote vipo? nikasema vipo, akambusu, akarudi kwa Bi Mkubwa.

Mwezi wa nne mwaka huu alianza kukohoa, tarehe 19 Mei akalazwa hospitali ya wilaya, ikaonekana ni mapafu, na siku ya mwisho nilimwambia mtoto ameota jino, akatabasamu, akasema mpe hongera, halafu hapo hapo akauliza, matundu yako wazi? nikamwambia mimi si mlinzi wa mke mwenzangu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na alfajiri ya tarehe 3 Juni akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru mafundi mliomwosha miguu ile iliyopasuka kwa chumvi, na majirani nawashukuru kwa namna ya pekee, mmepika, mmefua, na jana nimekuta mmeyaziba matundu yote mbele ya nyumba yangu, kwa saruji safi, ili maji yasimwingilie mjane, mama mshonaji ametoa hata vitambaa vyake vizuri, asanteni sana, lakini naogopa jamani, mawingu mnayaona, Jumamosi ni bamvua, na mimi nalala chini ya huo ukuta na mtoto. Nawaomba tukitoka kuzika twende tukayazibue, mafundi mje na patasi, ufito wake ninao, sitauzika naye kama mlivyoshauri, kwa sababu Bi Mkubwa na mimi sasa ni wajane wa mtu mmoja, na akianguka ataniangukia mimi.

Pumzika kwa amani, mume wangu, na usiulize tena habari zake, nitamwangalia mimi.