Bi Maisara Kheir wa Duka la Vitabu, Vuga

Marehemu mama yetu, Bi Maisara binti Kheir, alizaliwa Jongowe, kisiwani Tumbatu, tarehe 14 Machi 1958, mtoto pekee wa kike wa Mzee Kheir Makame na Bi Mwanapili.

Alisoma Mkokotoni, akaachishwa skuli mwaka 1973 ili akae ndani angoje posa. Posa zilikuja, akazikataa. Mwaka 1980 alimkubali Abdulhakim Mjaka, seremala wa Kikwajuni, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ndiye peke yake aliyemuuliza anapenda nini.

Alipenda kusoma. Mwaka 2004 alifungua duka la vitabu vya mtumba Vuga, karibu na chuo kikuu. Vitabu alinunua kwa fedha za upatu wake. Makabati alichonga mumewe. Mwanafunzi asiye na uwezo alisomea pale pale barazani, wala Bi Maisara hakumfukuza mtu, isipokuwa aliyekunja kurasa.

Mumewe alifariki Juni 2011. Bi Maisara akiwa yumo edani, hatoki nje, shemeji yake, Bwana Kificho, alikuja kumwambia kuwa duka ni mirathi, na wauza njugu wameshakubali kununua vitabu vyote, wapate karatasi za kufungia.

"Mirathi ya nani?" aliuliza nyuma ya pazia. "Mie nshakufa?"

Bwana Kificho akasema gari itakuja Ijumaa.

Bi Maisara akamtuma binti yake Fathiya akafungue duka, awaambie wanafunzi: "Kila mtu achukue anavyoweza kubeba. Eda yangu ikisha, nirudishieni."

Vitabu vilitoka kwa mikoba, kwa kanga, kwa vikapu vya sokoni. Gari ilipofika ilikuta makabati matupu. Eda ilipokwisha, alikwenda kukaa mlangoni akingoja. Vilirudi. Si vyote, lakini wengine walileta vingi kuliko walivyochukua.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Wanawe tulimsihi apumzike. "Nkilala mimi, mtalifunga," alitujibu. Bwana Kificho naye alikuja kumtaka radhi. Mama alimkaribisha, akamtilia kahawa kwa mkono wake. Shemeji alipojitolea kumwangalilia duka, aliambiwa: "Radhi nshakupa, shemeji. Ufunguo sikupi."

Alifariki nyumbani kwake Kikwajuni, alfajiri ya Jumapili, 9 Februari 2025, akazikwa Mwanakwerekwe baada ya sala ya adhuhuri.

Ameacha watoto wawili, Fathiya na Hafiz, wajukuu watano, kaka yake Muslim, na duka lisilouzwa. Tunalisema hili mbele ya jamaa wote: kesho asubuhi liko wazi.

Mola amrehemu mama yetu, amkunjulie kaburi lake, amlaze pahala pema. Amin.