Korosho za Nasrin

Tangu Tunduru, mzee Yohanes, Mngoni, alikuwa akimtania Nasrin, binti aliyekaa naye kiti kimoja basini: Wayao waoga, waliwakimbia Wangoni. Watani hawakasirikiani.

“Lakini babu, mama yangu Mngoni wa Mshangano, hapo Songea.”

Mzee akamgeukia. “Mbona hukusema? Kumbe namtukana mjukuu wangu!”

“Tunduru naitwa Mngoni. Mshangano naitwa Myao. Nimechoka kusema.”

Basi liliposimama stendi ya Songea, mzee akautwaa mfuko wa korosho wa Nasrin bila kuomba, akashuka nao.

“Babu! Umenichukulia kama mtani au kama mjukuu?”

“Kote ruksa,” akajibu, tayari anatafuna.

Nasrin akamfuata mbio, akimtukana kwa Kingoni chake kibovu, na hakuna aliyemuuliza ni wa wapi.