Msinirudishie Mwanangu

Bwana asifiwe! Hiyo ameni imetoka upande mmoja tu. Hao wengine wanajua nitawagusa. Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Mnamjua kijana wangu. Namwita kijana, na ana miaka thelathini na nne. Tangu kuzaliwa, kichwa chake hushika mambo polepole. Zamani alipotea siku nzima, nikasimama hapa hapa nikawaomba: mkimwona peke yake barabarani, nirudishieni. Ndugu zangu, nawaambia, sijaona watu wakitii hivyo! Mahubiri mnasahau kabla ya kufika getini, lakini hilo mmelishika miaka kumi.

Akapata kazi Mutuini, kulisha kuku wa mama mmoja. Mwezi mzima nilitembea naye mpaka akaijua njia. Jumatatu akatoka peke yake. Nusu saa haijaisha, bodaboda iko mlangoni: "Mathe, nimekuletea mtoto." Jumanne akarudishwa na shemasi. Jumatano ni dada wa kwaya, tena amemnunulia mandazi! Kuku wa watu wanalala njaa. Mwenye kuku akanipigia simu: akikosa tena, anatafuta mwingine.

Alhamisi alikataa kuamka. Akajifunika blanketi, akaniambia, "Mum, mbuzi ndiye hurudishwa. Mimi nilikuwa naenda kazi."

Nililia, sitawaficha. Kamba ya mbuzi huyo niliifunga mimi mwenyewe, siku ile nilipowaomba.

Nikamwomba mwenye kuku siku moja zaidi, nikazunguka mtaa wetu wote wa Kabiria, kibanda kwa kibanda: mkimwona, msalimieni, mwacheni aende. Jameni, mlivyonibishia! "Na akipotea?" Akipotea atauliza njia, kama wewe! Ijumaa akatoka tena, na akauliza kweli. Mama mboga mmoja akamwonyesha kwa kidole, yeye mwenyewe akabaki ameketi. Huyo mama, Mungu ambariki kwa kubaki ameketi.

Asanteni nyote. Najua mikono iliwawasha. Nilichojifunza ni kwamba kuna siku msaada ni kumpisha mtu apite, hata kama roho inakudunda.

Kazi anayo mpaka leo. Amekodi chumba kwenye ploti yetu, na ufunguo ni wake. Juzi nilienda kumwona, nikasukuma mlango nilivyozoea. Umefungwa! Nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, mamako."

"Ngoja, navaa viatu."

Mimi, niliyemzaa! Basi, nikangoja.