Bi Puring na Visigino vya Watoto Wetu

Bi Purisima Gallego, ambaye hapa zahanati hakuna anayemwita hivyo, kwetu ni Bi Puring tu, anastaafu tarehe ishirini na nane Februari baada ya kuzalisha wanawake wa mji huu miaka thelathini na nne. Wameniambia niseme mimi kwa sababu nilikuwa jikoni hapa tangu hajaolewa, na kwa sababu wenye kalamu wote wanamwogopa. Mimi simwogopi. Nimemlisha.

Alikuja kutoka kwao Guimbal, msichana mwembamba, viatu vimejaa matope. Akanikuta napika supu ya kuku na majani ya mlonge, ile ya wazazi, akaonja, akasema chumvi imezidi. Siku ya kwanza! Nikasema huyu hadumu. Haya, mnaona wenyewe.

Habari ya kuzalisha siisimulii, maana nusu ya watakaosoma hapa yeye ndiye aliyewasikia wakilia mara ya kwanza. Mimi nataka kusema habari ya visigino. Serikali ilipotoa sheria kwamba kila mtoto akizaliwa apimwe damu, maradhi ya kurithi yajulikane kabla hayajamharibu, kazi ilimwangukia yeye. Matone machache kutoka kisiginoni, yanadondoshwa kwenye karatasi, yakikauka yanapelekwa maabara jijini. Sindano yenyewe si kitu. Shida ni kwamba mtoto lazima atimize siku nzima kwanza, na mama zetu wakizaa asubuhi, jioni wanataka kwao. Mmoja alitorokea mlango wa jikoni kwangu, mtoto kamlaza kwenye beseni la nguo, kamfunika taulo! Bi Puring akamkimbilia mpaka sokoni, wakarudi wote wanacheka, mtoto kalala.

Na mabibi je? "Mtoto hata jina hana, mnamtoboa kama kuku wa supu?" Halafu kuna ile yetu, mgeni akimtazama mtoto lazima ampake mate kidogo, asije akapata kijicho tumbo likavimba. Bibi anataka kupaka mate kisiginoni, mkunga hataki mate penye sindano. Wenzake waligombana na mabibi mpaka kandambili zikaruka. Yeye alisema, "Bibi, tugawane. Mguu wa kushoto wako, wa kulia wangu." Basi. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya, mate kushoto, sindano kulia, na hakuna aliyevimba.

Lakini kilichonifanya nikubali kusema leo ni ile nguo ya ubatizo. Jirani yangu Trining, binti yake Jonalyn alijifungua mvulana. Akapimwa vizuri, mate mguu huu, sindano mguu huu. Majibu yakaja kwa simu asubuhi ileile ya ubatizo. Mtoto ana upungufu katika damu, wa kurithi, jina lake herufi na namba kama la gari. Mtu anaishi nao mpaka uzee, anakula, anaoa. Ila kuna vitu vinaivunja damu yake, dawa fulani fulani, na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kwenye nguo. Kwa mtoto mchanga, hata kuvuta harufu yake ni hatari.

Bi Puring akaweka simu chini, akaniuliza, "Mama Desta, ile nguo ya ubatizo ya kwa Trining inakaa wapi?"

"Si sandukuni, na vidonge kila pembe. Akifungua lile sanduku paka wanahama mtaa."

Hakungoja hata nivue aproni. Alinikokota mpaka kwenye pikipiki ya kibanda, ile yenye kiti cha abiria ubavuni, tukaenda.

Ile nguo ni ya nyuzi za majani ya nanasi, bibi yake Trining ndiye aliyeidarizi, na kila mtoto wa nyumba ile amebatizwa nayo, maana waliovaa nguo moja hawagombani ukubwani. Wanagombana, tena kwa ajili ya shamba, lakini hayo tuyaache.

Tukakuta nguruwe anageuzwa motoni, wageni wamejaa, na Trining ndiyo kwanza anaingiza mkono wa pili wa mtoto. Bi Puring hakusalimia mtu. Akamvua. Mtoto yuko uchi mbele ya wasimamizi wake wa ubatizo, na akamkojolea Bi Puring vizuri.

"Wewe Puring, umepandwa na nini?"

"Nguo ina vidonge, dada. Damu yake haiviwezi. Atageuka manjano huyu."

"Mimi nimeivaa! Wanangu wote wameivaa! Nani alishawahi..."

Akakwama hapo. Sisi wa rika lake tulijua kwa nini. Kifungua mimba wake, Danilo, alibatizwa na nguo hiyo, na wiki haikuisha akawa manjano mpaka machoni, tukamzika. Mtaa mzima tulisema ni kijicho. Trining akamlaumu wifi yake kwamba alimtazama mtoto bila kumpaka mate, mpaka maskini wa Mungu akahama.

Trining akakaa kwenye ngazi, nguo mapajani. "Basi ni mimi," akasema. "Aliyemvika ni mimi."

Bi Puring akampa Jonalyn mtoto, akachuchumaa pale chini. "Dada, Danilo hakuna aliyempima, kwa hiyo sijui, na sitakudanganya. Ninachojua, wakati ule hata daktari angemvika. Huyu tumempima. Huyu tunajua. Nyanyuka, padri anangoja na nguruwe anaungua."

"Atavaa nini sasa? Nguo zote zimetoka sanduku hilohilo!"

Nikaona macho yote yamenigeukia. Aproni yangu! Nyeupe, imeanikwa juani, haina harufu ila ya tangawizi. Wakamwosha mtoto, wakamzungushia. Kanisani padri akanusa, akauliza kama ameletewa mtoto au chakula cha mchana. Trining akamjibu, "Padri, wewe mwaga maji."

Aproni sijarudishiwa. Mtoto mwenyewe, Arnel, ana ndevu sasa. Trining alichukua paja la yule nguruwe, akampelekea wifi yake huko alikohamia, wakalia mpaka nyama ikapoa. Tangu hapo mama akitaka kutoroka na mtoto kabla ya kupimwa, si Bi Puring anayemfukuza. Anamkuta Trining kakaa langoni na kiti chake, miguu kainyoosha njia nzima: "Unakwenda wapi, mama? Rudi."

Na ile nguo hairudi sandukuni. Inaning'inia dirishani bila kidonge hata kimoja, imejaa matundu kama chujio. Wageni wakisikitika, Trining anawaambia, "Waacheni nondo wale. Wanakula kitambaa tu."

Bi Puring, asante sana. Nenda Guimbal, lala mpaka jua likuamshe, mlango usigongwe tena. Mungu akupe miaka mingi yenye afya, na watoto wote wa mji huu wakutembelee kwa miguu yao.